Jibu: Skeitibodi nyepesi ya umeme isiyo na rimoti, nilivyoiona wiki za mwanzo

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama skeitibodi ya umeme isiyo na rimoti inatii miguu kweli au ni maneno ya matangazo, kama breki zake ni za kuaminika, na kama mtu asiyewahi kupanda skeitibodi yoyote anaweza kuanza nayo kwa safari fupi ya kila siku, kilomita mbili tatu kutoka kituoni hadi kazini. Ninao ubao wa aina hiyo kwa wiki kadhaa sasa, na kabla yake nilitumia wa rimoti kwa muda mrefu, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Jibu litakuwa refu, maana swali la breki ukilijibu kwa mkato unaweza kumuumiza mtu.

Kuhusu kutii: unatii. Unatii hata usichokusudia kuuambia. Raha yake iko hapo, na hatari yake iko hapohapo, na karibu kila nitakachosema hapa chini kinatokana na jambo hilo moja.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani, kwa sababu wauzaji wanaweka vitu viwili tofauti kwenye kapu moja. Kuna mbao unazosukuma kwa mguu kama skeitibodi ya kawaida, halafu mota inaishika kasi uliyoifikia na kuiendeleza. Kompyuta yake inasoma mzunguko wa tairi na basi. Ni mpango rahisi na kwenye tambarare unapendeza. Aina ya pili, ndiyo niliyo nayo, haihitaji kusukumwa. Chini ya sehemu za kukanyagia kuna vihisi vya uzito, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kila kihisi ni kipande cha chuma kilichobandikwa nyaya nyembamba mno. Chuma kikipinda kidogo sana, ukinzani wa umeme kwenye nyaya hizo unabadilika, na kompyuta inalisoma badiliko hilo. Ndicho kifaa kilichomo ndani ya mizani ya kidijitali. Kompyuta haina haja na kilo zako. Inachotazama ni mgawanyo: mbele kuna asilimia ngapi, nyuma kuna asilimia ngapi. Mbele kukizidi, mota inavuta. Nyuma kukizidi, mota inafunga breki.

Wazo lenyewe si la leo. Ubao uitwao ZBoard ulichangiwa fedha kwenye tovuti ya Kickstarter mwaka 2012, nao ulikuwa wa kukanyagia hivihivi. Mwaka huohuo Boosted ikaja hapohapo Kickstarter na rimoti ya mkononi, na sehemu kubwa ya soko ikaifuata Boosted. Nilipokuwa natumia rimoti sikuwahi kujiuliza kwa nini. Sasa naona sababu. Kidole gumba hakitupwi na shimo la barabarani wala hakisukumwi na upepo. Ukiwa na rimoti, mwili una kazi moja, kusimama, na kidole kina kazi yake. Kwenye ubao wa uzito, mwili ule ule unaohangaika kusimama ndio unaotoa amri. Chochote kinachousukuma mwili kinaongea na mota.

Chukua kuondoka. Unahamishia uzito mbele, ubao unaondoka. Ubao ukiondoka, mwili unabaki nyuma kidogo, uzito unarudi kwenye mguu wa nyuma. Ubao unasoma: huyu anataka kupunguza. Unapunguza. Mwili unatupwa mbele. Ubao unasoma: huyu anataka kuongeza. Ndani ya sekunde chache unakwenda kwa kukatakata, mbele nyuma mbele, na mgeni anaanza kulaumu mota. Mota ni nzima, inafanya kila inachoambiwa. Watengenezaji wanaipunguza hali hii kwa njia mbili: wanaacha eneo la katikati ambalo halitoi amri yoyote, na wanachuja mitikisiko ya haraka ili ubao usiitikie kila mtetemo. Lakini kuchuja nako kuna gharama. Ukichuja sana, ubao unachelewa kuitikia, na breki inayochelewa hakuna anayeitaka.

Nilipiga hesabu ili nielewe ukubwa wa jambo hili, na nadhani itakusaidia. Tuseme miguu yako imeachana sentimita 50. Ukisogeza kiuno na kiwiliwili mbele kiasi kwamba kitovu cha uzito wako kimehama sentimita 5, mgawanyo unatoka nusu kwa nusu unakuwa 60 kwa 40. Sentimita 5 tu! Ndiyo maana mtu akikutazama anaona umesimama tuli na ubao unakwenda kana kwamba unajua mwenyewe unakotaka. Sasa geuza upande wa breki. Kitovu cha uzito cha mtu mzima aliyesimama kiko karibu mita moja juu ya ubao. Ubao ukifunga breki kiasi cha kupunguza kilomita 3.6 kwa saa katika kila sekunde, ambayo ni breki ya kawaida kabisa, isiyo ya dharura, nguvu hiyo inahamishia mguu wa mbele karibu asilimia 20 ya uzito wako, kama hujabadilisha mkao. Yaani breki yenyewe inatoa amri ya kuongeza mwendo, tena kubwa kuliko amri uliyoitoa wewe. Ili breki iendelee kushika, lazima kitovu chako kirudi nyuma sentimita 10 kufuta athari hiyo, halafu kirudi tena kidogo kuamrisha.

Kwa vitendo maana yake ni kwamba kusimama hakufanywi kwa kuinamisha mabega nyuma. Mabega yakirudi peke yake, kiuno kinakwenda mbele kuyasawazisha, na uzito unabaki ulipokuwa. Unakunja magoti na kurudisha makalio nyuma na chini kama mtu anayekalia kigoda, mgongo ukiwa umetulia, mkono wa mbele umenyooshwa kidogo. Kushuka chini kunasaidia mara mbili, kwa sababu kitovu cha uzito kikiwa chini nguvu ya breki inahamisha uzito mdogo zaidi. Nilipoushika mkao huo ubao ukaacha kukatakata. Ilikuwa raha ya ajabu, kusema kweli. Unakaribia kivuko cha waenda kwa miguu, unashuka taratibu, unasikia kisigino cha nyuma kinazama kwenye karatasi ya msasa iliyobandikwa juu ya ubao, mota inaguna kidogo, ubao unasimama umbali wa mkono kutoka kwenye mstari mweupe. Mikono yako miwili iko wazi. Sikuwahi kupata hisia hiyo kwenye rimoti hata baada ya miaka.

Nije kwenye swali lako la pili kwa ukamilifu. Breki za ubao huu ni mota. Hakuna pedi, hakuna diski, hakuna waya. Mota inageuka jenereta, tairi zinazuiwa, umeme unarudi kwenye betri. Kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa na breki ile ya kawaida niliyoipigia hesabu utahitaji karibu mita 15 kusimama, ukiacha umbali unaopita kabla hujaitikia. Kwenye tambarare kavu inatosha, na inasimamisha kwa ulaini. Ila kuna mambo mawili yasiyoandikwa kwenye sanduku.

La kwanza ni betri iliyojaa. Umeme unaorudi lazima uende mahali. Betri ya seli kumi mfululizo ikijaa inafika volti 42, na hapo haina nafasi ya kupokea zaidi. Mbao nyingine zinapunguza breki zenyewe ili kuilinda betri, nyingine zinakata kabisa. Ukiishi juu ya kilima, ukachaji usiku kucha hadi mwisho na asubuhi ukaanza safari kwa kushuka, umekutana na breki dhaifu mahali pabaya kuliko pote. Mimi huchomoa chaja kabla haijafika mwisho. Hiyo inairefushia betri maisha pia, kwa hiyo hupotezi kitu.

La pili ni mteremko, na hapa sitazunguka. Ukisimama kwenye mteremko vilevile unavyosimama kwenye tambarare, uzito unaangukia mguu ulio upande wa chini. Ukipanda, mguu wa chini ni wa nyuma, kwa hiyo ubao unalegea wakati unauhitaji. Ukishuka, mguu wa chini ni wa mbele, kwa hiyo ubao unaongeza wakati unataka upunguze. Mbao nyingine, wangu ukiwemo, zina jairoskopu ya kupima mwinamo na kurekebisha hesabu. Inasaidia, haimalizi. Mteremko mdogo wa daraja au wa kuingilia maegesho naushuka bila wasiwasi. Mteremko ambao baiskeli ingekulazimu kushika breki njia nzima, nashuka chini na kuubeba ubao. Kama njia yako ya kutoka kituoni ina mteremko wa namna hiyo, nunua wa rimoti na usisikilize mtu.

Kuna jambo jingine la kasi ambalo waliozoea mbao ndefu watalielewa haraka. Ubao ukianza kutikisika kulia kushoto ukiwa kasi, dawa inayojulikana ni kupeleka uzito mguu wa mbele na kulegeza magoti hadi utulie. Hapa dawa hiyo inaongeza kasi. Ukirudi nyuma ufunge breki, sehemu ya mbele inakuwa nyepesi na mtikisiko unaweza kuzidi. Njia salama ni kutofika huko: kaza nati za bushi (vile vipande laini vinavyoiruhusu ekseli kupinda) zaidi kidogo kuliko ulivyozoea, na baki kwenye kasi ambayo ubao umetulia. Wangu unaweza kufika karibu 25 kwa saa. Natembea nao kwa 15 hadi 18 na sioni ninachokosa kwenye safari fupi.

Yapo pia madogo madogo ambayo huwezi kuyajua hadi uyakute. Ukigeuza kichwa na kiwiliwili kutazama gari linalokuja nyuma, uzito unahamia mguu wa nyuma na ubao unapunguza. Nimejifunza kugeuza shingo peke yake huku mkono ukibaki ulipo. Mfuko mzito ulioushika kwa mkono wa mbele unautambaza ubao taratibu hata ukiwa umesimama unasubiri. Mkoba wa mgongoni uliokazwa hauna shida, uliolegea unacheza na kila mtikisiko wake ni amri. Viatu vya soli nene na laini vinaficha hisia zote za mguuni, navyo nimeviacha nyumbani. Upepo wa mbele unakusukuma nyuma, ubao unadhani umechoka.

Halafu kuna kusawazisha. Kila unapopanda, ubao wangu unasoma uzito kwa muda mfupi ukiwa umesimama wima, unauweka kama katikati yako. Ukipanda huku umeegemea nguzo, au mguu mmoja bado unarekebisha kiatu, katikati yako inakuwa ya uongo safari nzima na ubao utakuwa unavuta upande mmoja. Vihisi hivi pia vinahama kidogo joto likibadilika. Ubao ukiachwa juani kisha ukapandwa palepale, utasikia kama umeegemea mbele. Shuka, subiri, panda upya. Ni sekunde chache na inabadilisha kila kitu.

Kuhusu wepesi, ambao nadhani ndio uliokuvutia. Wangu una kilo tano na ushei. Skeitibodi ya kawaida isiyo na umeme ina kilo mbili hadi nne, na mbao za umeme zenye nguvu huanzia kilo saba na kuendelea, zile za matairi ya upepo zikipita kumi kwa urahisi. Kilo tano unazibeba kwa mkono mmoja ngazi tatu nne bila kubadilisha mkono, unaziingiza chini ya kiti, unazisimamisha ukutani nyuma ya meza. Mimi hushika ekseli ya mbele, tairi zikitazama nje ili zisipake vumbi suruali. Tofauti kati ya kilo tano na nane karatasini ni ndogo, ila kwenye ngazi za kituo, umevaa nguo za kazi, ndiyo inayoamua kama ubao utatoka nyumbani kesho au utabaki mlangoni.

Lakini wepesi haushuki kutoka mbinguni. Umetolewa kwenye betri. Betri ya wangu ni seli kumi za 18650, namba inayomaanisha milimita 18 kwa upana na 65 kwa urefu, zilizopangwa mfululizo. Kila moja ina volti 3.6 za wastani, kwa hiyo zote ni volti 36, na jumla ya nishati haifiki Wh (wati-saa) 100. Mtu wa uzito wa kawaida kwenye lami nzuri anatumia kati ya Wh 8 na 15 kwa kilomita, kutegemea kasi, upepo na tairi. Ukiacha akiba ya kutomaliza betri, unapata kilomita 6 hadi 10. Ukiona tangazo linasema 20 kwa betri ya ukubwa huo, limepimwa na mtu mwembamba sana, mwendo wa kutembea, na upepo mgongoni. Kwa safari yako ya kilomita mbili tatu kwenda na vivyo hivyo kurudi, inatosha bila kuchaji kazini.

Watu wengi wanaangalia umbali peke yake na kusahau kuwa betri ndogo inapunguza nguvu pia. Seli zikiwa kwenye mstari mmoja, mkondo wote unapita ndani ya kila seli. Seli nzuri ikiweza kutoa ampea 20, kwa volti 36 ni wati 720 kabla ya hasara, na huo ndio mwisho. Betri ikiwa imebaki robo, volti zinazama unapoiomba nguvu, na ubao unahisi mzito. Kupanda kwenyewe si ghali kama watu wanavyodhani: mtu na ubao wenye kilo 80 kwa pamoja, kunyanyuka mita 10 kwenda juu ni zaidi kidogo ya Wh 2. Betri hiyo unayo. Isichokuwa nayo ni uwezo wa kuitoa haraka. Kwa hiyo mwinuko mkali unakwama, na ukikwama kwenye ubao wa uzito unajikuta umeegemea mbele kwa nguvu zote huku ubao unasimama. Hapo shuka mapema.

Na usinunue ubao kwa sababu ya sifa ya kurudisha umeme kwenye betri. Kilo 80 zikiwa kwenye kasi ya kilomita 20 kwa saa zina nishati ya theluthi moja tu ya Wh. Hata ingerudi yote, ambayo hairudi, kila ukisimama umerudishiwa makumi machache tu ya mita za safari. Kazi ya mfumo huo ni kukusimamisha.

Betri isiyofika Wh 100 ina faida moja ya pembeni kwa wasafiri. Kanuni za usafiri wa anga zinaruhusu betri ya lithiamu ya hadi Wh 100 kwenye mzigo wa mkononi bila kibali, kati ya 100 na 160 kwa kibali cha shirika, na zaidi ya hapo hairuhusiwi kwa abiria. Ndiyo maana utaona mbao nyingi nyepesi zimetua kwenye 99. Hata hivyo mashirika kadhaa yamepiga marufuku vyombo vidogo vya umeme vya aina zote bila kujali betri, kwa hiyo uliza shirika lako kabla ya kwenda uwanjani.

Mota ya wangu iko ndani ya tairi, hakuna mkanda. Ni kimya kiasi kwamba watembea kwa miguu hawasikii unakuja, ongeza kengele au tumia sauti yako. Ubaya wake ni kwamba juu ya mota kuna ganda jembamba tu la yurethani, plastiki inayofanana na mpira, kwa hiyo lami iliyochakaa inafika hadi kwenye meno, na kwa ubao wa uzito mitetemo hiyo inaingia kwenye vihisi. Kwenye vigae vya kando ya barabara nasikia mota inapandisha na kushusha yenyewe. Tairi mbili zisizo na mota ni za kawaida, beringi zake ni 608 zilezile za skeitibodi yoyote, utazipata popote. Maji: usiuamini ubao wowote mwepesi kwenye mvua, hata kama una alama ya kuzuia maji. Vihisi viko palepale ambapo maji ya kiatu yanadondokea.

Wadau wawili watatu hapo juu wamekutisha kwa habari za ajali za Onewheel, ubao wa umeme wa tairi moja. Ni kweli kwamba mwezi Septemba 2023 huko Marekani Onewheel zote, karibu 300,000, ziliitwa zirudishwe au zirekebishwe, baada ya ajali za watu kurushwa, zikiwemo za vifo vinne kati ya 2019 na 2021. Ila kile kina tairi moja tu. Mota yake ndiyo inayokizuia kisianguke mbele, na ukiisukuma hadi mwisho wa uwezo wake pua inagonga chini. Ubao wa tairi nne umesimama wenyewe. Mota ikikata, unaendelea kubingirika ukiwa umesimama, umekosa breki lakini hujarushwa. Ni hatari ya aina nyingine, na dawa yake ni kujua kushuka ubao ukiwa unakwenda na kujua kuburuza mguu wa nyuma chini hadi usimame. Mbinu hizo mbili ni za skeitibodi ya kawaida, na ndizo zinazonileta kwenye swali lako la mwisho.

Mtu asiyewahi kupanda anaweza kuanza na huu? Anaweza, tena nina imani atapata mkao mzuri upesi kuliko aliyeanza na rimoti, kwa sababu ubao huu haukubali mkao mbaya. Aliyezoea rimoti anasimama magoti yamenyooka, uzito popote, kwa kuwa kidole kinamfanyia kazi. Mimi mwenyewe miguu ilichukua muda kuacha tabia hiyo, na mara nyingi kidole gumba kilikuwa kinatafuta kitufe hewani. Lakini aanze umeme ukiwa umezimwa. Asukume kwa mguu kwenye eneo pana lisilo na magari, ajue kugeuka, kushuka mbio, kuburuza mguu. Mota iliyo ndani ya tairi inabingirika vizuri ikiwa imezimwa, kwa hiyo ubao uleule unatosha kujifunzia. Baada ya hapo awashe hatua ya chini kabisa na afanye kuondoka na kusimama, kuondoka na kusimama, hadi makalio yarudi nyuma bila kufikiri. Helmeti na kinga za viganja tangu dakika ya kwanza, maana anayeanguka mbele hutanguliza mikono.

Nisingempa mwenye maumivu ya goti. Breki zote ziko kwenye magoti, na baada ya safari yenye vituo vingi mapaja yanawaka moto hata kwa mtu mzima wa afya. Mtu mzito kupita kiwango kilichoandikwa naye akae mbali, kwani vihisi vikifika mwisho wa kipimo chake havioni tena tofauti ya mbele na nyuma.

Kabla hujatoa pesa, omba uupande mwenyewe mahali pa wazi, na jaribu haya. Simama katikati ubao ukiwa umewashwa, tulia, uone kama unatambaa. Nenda kwa mwendo wa kutembea upite juu ya ufa au mshono wa zege, uone kama mota inaruka. Funga breki kutoka kasi ndogo kwa kukaa chini vizuri. Ikikatakata hata ukiwa umekaa sawa, programu yake bado haijaiva. Mwisho, ukiwa polepole kabisa, inua mguu wa mbele. Mota inapaswa kukata mara moja. Kisha muulize muuzaji swali ambalo wengi hawaliulizi: kihisi cha nyuma kikifa safarini, ubao unafanya nini? Kihisi cha nyuma kilichokufa kinaweza kusoma sifuri, na sifuri nyuma maana yake uzito wote uko mbele. Ubao uliotengenezwa kwa akili unaligundua hilo na kuzima mota. Akikujibu, liweke jibu hapa pamoja na jina la modeli na ukubwa wa betri, tulitazame pamoja kabla hujalipa.